Nimefumba Macho Tu

Mama watoto wangu ana leseni ya udereva. Nalitanguliza hili ili msomaji alishike mapema, maana huko mbele halitasaidia kitu. Leseni yenyewe inaishi ndani ya pochi, safi, haina hata mkunjo, na kazi yake kubwa ni kutolewa dirishani benki siku ambayo kitambulisho cha taifa kimesahaulika nyumbani. Usukani haiujui.

Shule zilipofungwa Desemba likaja tena lile azimio letu la kila baada ya miaka miwili: twendeni kwa bibi. Bibi wa watoto wangu, yaani mama mkwe wangu, yuko Misungwi, mkoani Mwanza. Kutoka nyumbani Tabata ni kilomita kama 1,100. Mimi mwenyewe ni mtu wa Muheza. Kwetu ukitoka Dar alfajiri, mchana unakula wali wa nazi kwa mama, na jioni ukijisikia unarudi. Na kwa kuwa ni karibu, hatuendi. Nikiuliza naambiwa, "Muheza si hapo tu, tutakwenda hata wikiendi moja." Wikiendi hiyo naingoja tangu kijana wetu mkubwa yuko chekechea. Sasa ana ndevu.

Nilipendekeza basi. Mama watoto akapiga hesabu kwa vidole: sisi watano, na shangazi yake wa sita, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mizigo, bajaji za huku na huko, "na gari lipo limekaa tu." Nikapendekeza angalau tutoke alfajiri, tulale Singida, tufike kesho yake kama binadamu. Nikaulizwa nyumba ya wageni ya Singida inalipwa na nani. Uamuzi ukatoka: tunaondoka jioni, tunatembea usiku kucha. Usiku hakuna foleni, hakuna jua, watoto watakuwa wamelala hawasumbui. "Siku hizi hata mabasi yanatembea usiku," akaongeza, akimaanisha ile ruhusa ya Serikali ya mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya mabasi kulazwa njiani. Nikamkumbusha kwamba basi la usiku linakuwa na madereva wawili. Akanitazama kwa upole, ule wa kumtazama mtoto anayeogopa sindano.

"Mimi si nitakuwa macho na wewe? Nitakupigia stori mpaka Misungwi. Kwanza unajua siwezi kulala kwenye gari."

Wenye ndoa wenzangu mnisamehe. Nilimwamini.

Tulipanga kuondoka saa kumi jioni. Saa nane mchana Noah yetu ilikuwa imeshapakiwa na bado ilikuwa na umbo la gari. Kosa likafanyika hapo: mama watoto aliaga kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao. Haikupita nusu saa, geti likaanza kugongwa.

Kuna kitu katika nchi hii kinaitwa "kifurushi kidogo tu." Sijui aliyekipima mara ya kwanza alitumia kipimo gani. Kifurushi kidogo cha kwanza kilikuwa jiko la gesi na mtungi wake. Cha pili nazi thelathini ndani ya kiroba, za binti wa Kizaramo aliyeolewa huko Usukumani na ambaye, inasemekana, wali haumshuki bila tui. Cha tatu kilikuwa bahasha. Niliishukuru kwa wembamba wake, mpaka nilipoambiwa ni ya mgonjwa na lazima niikabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, palepale nitakapofika, kabla sijafanya lolote. Cha nne lilikuwa godoro.

Godoro la futi tano kwa sita, unene inchi nane, zawadi ya shemeji zangu wa Dar kwa baba yao, ambaye mgongo unamsumbua. Ndani halikuingia, hata tulipolibembeleza. Tukalipandisha juu ya keria, tukalifunika turubai la bluu, tukalikaza kwa kamba za katani, zao la kwetu Tanga, ndicho kitu pekee cha upande wangu kilichowakilishwa katika safari hii. Kuanzia hapo godoro lile lilikuwa juu ya utosi wangu, kama mkono mmoja hivi, kwa saa kumi na saba na ushee. Nalitaja sasa kwa sababu kuna saa za usiku nilikuwa nalisikia likiniita kwa jina.

Tuliondoka saa mbili na dakika arobaini usiku. Mbele mimi na mama watoto. Katikati shangazi, binti yetu na kitinda mimba. Nyuma kabisa kijana mkubwa, amepakatana na nazi, masikioni vidude vyake vya muziki, simu mkononi, amejipa ukurugenzi wa ramani.

Nikiri kwamba mwanzo ulikuwa mzuri. Tulipopita Ubungo mama watoto alikuwa ameshaanza kunisimulia habari ya jirani yetu aliyekopa kikoba akahamia Goba usiku, na meza ya kulia akaibeba. Stori tamu, ina majina, ina kiasi. Kimara alikuwa amefika kwenye kikao cha dharura. Mbezi Mwisho mwekahazina akaanza kulia. Kibamba sauti ikaanza kushuka, nikadhani ni kwa ajili ya watoto wasisikie. Tunaingia Kiluvya akasema, "Basi yule mama si akasimama akamwambia..." akanyamaza. Nikangoja. Nikaona labda anatafuta neno. Nikageuka: kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza bei.

"Akamwambiaje?" nikauliza.

"Mmh?"

"Yule mama. Akamwambiaje mwekahazina?"

"Nimefumba macho tu," akasema. "Nakusikia."

Hatukuwa tumefika hata Kibaha.

Vigwaza kuna mizani. Sheria inataka gari la kuanzia tani 3.5 ndilo lipande, kwa hiyo Noah haihusiki. Hata hivyo nilipita pale nimeinamisha uso, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa, maana kwa nyuma gari lilikuwa limekaa chini kiasi kwamba taa zangu zilikuwa zinamulika minazi.

Aliyebaki macho alikuwa shangazi, na ningemwomba Mungu amlaze. Shangazi ana kumbukumbu ya ajali zote za Barabara ya Morogoro. Hasomi gazeti, haangalii taarifa ya habari, lakini kona anazijua kwa marehemu wake. "Hapa mkwe ndipo lilipolala lile roli la mafuta." Kimya. Kisha, "Pale kwenye ule mti, yule kijana wa mchungaji." Halafu anasoma sala. Halafu ananiuliza kama gari lina breki. Mama watoto, kwa macho yaleyale yaliyofumbwa tu, hasikii neno. Tulipofika Chalinze, pale barabara ya kwetu Tanga inapokata kulia, mimi nikiitazama kama mtu anayemwona mchumba wa zamani kwenye harusi ya mwenzake, shangazi akasema, "Sasa nawaachia Mungu," akajifunika kitenge gubigubi, akalala. Kukoroma kwa shangazi kuna gia. Anaanza na ya kwanza, taratibu. Kwenye vilima anabadilisha.

Nilipaki Msamvu, Morogoro, saa sita na robo usiku ili nipate kahawa. Niliandaliwa chupa nzima nyumbani, nyeusi, ya tangawizi. Nikaitafuta chini ya kiti, nikaipata: tupu. Shangazi ndiye aliyeinywa, mahali fulani kati ya roli la mafuta na kijana wa mchungaji. "Kahawa yenu nzuri," akaniambia. "Imenipa usingizi."

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu usingizi wa familia yangu. Ukipita kwenye tuta kwa mwendo wa hamsini hadi vichwa vinagonga paa, hawaamki. Ukifunga breki ya ghafla, hawaamki. Harufu ya mishkaki iliposogea dirishani waliinuka wote kwa mpigo mmoja, kama kikosi kilichopigiwa filimbi. Wakashuka, wakanyoosha viungo, wakaagiza chipsi mayai, mishkaki, soda. Mama watoto akaniuliza, "Hujachoka lakini?" Kabla sijajibu akasema, "Pole, ndiyo tuko pamoja," akarudi ndani na mshikaki mkononi. Tulipopita kona ya Dodoma ule mshikaki ulikuwa bado mkononi, una nyama mbili, na mwenyewe ameshafumba macho tu. Nikazila zile nyama. Sijutii.

Dumila, saa saba na nusu.

"Baba, tumbo."

Mzazi yeyote aliyewahi kuendesha gari usiku anajua kwamba ukishasikia maneno hayo mawili una sekunde nne. Mama watoto, bila kufumbua, akatoa amri: "Mpeni mfuko." Sasa, mimi si mtu wa kupinga sera. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na mitaro ya Tabata inapumua. Lakini nina hakika katika kamati zote zilizokaa kuijadili ile mifuko mbadala hakukuwa na baba hata mmoja aliyekuwa na mtoto anayetapika safarini. Mfuko mbadala ni kitambaa. Kitambaa kina matundu. Ubebe nyanya za sokoni, ndio mwisho wa uwezo wake. Chipsi mayai na soda ya machungwa vilipita kama vile mfuko haukuwepo, vikamkuta shangazi.

Aliyesimama pembeni ya barabara na dumu la lita tano na tambara, simu meno­ni kwa ajili ya mwanga, akisugua kiti huku maroli yanampitia na kumpeperushia shati, msomaji nadhani unamjua. Ni yule aliyekuwa macho.

Halafu ikaja Gairo na baridi yake. Gairo usiku kuna upepo unaokuuliza umevaa nini ndani. Shangazi akaomba kuchimba dawa. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti: mwenye haja ashuke sasa, gari halisimami tena mpaka Dodoma. Kimya. Shangazi akashuka, akapanda, tukaondoka. Kilomita tano mbele, binti. Nikasimama. Kilomita tatu, kijana mkubwa, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameulizwa mara mbili akatikisa kichwa kufuata muziki. Watu hawa hawawezi kuchimba dawa kwa umoja. Kila mmoja anataka porini pake na muda wake, na kila anayeshuka anasema, "Baba, geuka huko, usizime taa." Sijui mwanamume anageukaje huko bila kuzima taa za gari linalotazama huku.

Nikisema nilikuwa peke yangu usiku ule nitakuwa namdhulumu mtu mmoja, na sitampata kumshukuru. Baada ya Gairo niliangukia nyuma ya lori, semi ya mizigo inayokwenda nje, nyuma limeandikwa USINIONEE WIVU kwa rangi nyekundu. Nilikuwa nataka kulipita. Likanipa indiketa ya kulia: tulia, kuna mtu anakuja. Kweli, likaja basi na taa zake kama uwanja wa mpira. Lilipopita, lori likanipa ya kushoto: haya, pita. Sikupita. Nilikuwa nimeulizwa na kujibiwa kwa mara ya kwanza tangu Kiluvya. Nikawasha taa mara moja, naye akawasha zake za nyuma mara moja. Basi tukaenda hivyo. Penye shimo anakwepa, nami nakwepa. Penye matuta anagusa breki mara tatu kunishitua. Kibaigwa alipunguza nikapunguza, sokoni kweupe magunia ya mahindi na maroli yamelala foleni, hata mahindi yamelala. Wivu wenyewe sikumwonea. Nilimwonea utingo wake, ambaye bila shaka alikuwa kitandani nyuma ya kiti.

Tulipovuka Chamwino nikawa nimeshamzoea kabisa, naongea peke yangu, namwambia habari ya kikoba. Kuingia Dodoma, saa kumi na robo alfajiri, akanipa indiketa ya kushoto. Nikadhani ananiruhusu kupita. Kumbe anaingia kituo cha mafuta kulala. Nilipiga honi moja fupi. Akanijibu na moja ndefu. Mama watoto akashituka: "Nini?"

"Rafiki yangu."

"Nani?"

"Lala."

"Silali. Nimefumba macho tu."

Dodoma nilipata uchungu mwingine. Treni ya umeme inatoka Dar mpaka pale kwa saa tatu na nusu hivi, na abiria wake wa jana jioni muda ule walikuwa wameshageukia upande wa pili wa mto. Kipande cha kwenda Mwanza bado kinajengwa. Niseme kwa niaba yangu binafsi kwa mafundi wote wanaohusika: ndugu zangu, nawaombea afya.

Nikiwa natoka mjini yule mama wa kwenye ramani ya simu yangu, mwanamke pekee aliyetimiza ahadi ya kuzungumza nami tangu jana, akasema niendelee moja kwa moja kwa kilomita mia mbili na kitu. Kisha naye akanyamaza. Yaani hata yeye.

Wanasema usiku wa deni haukawii kucha. Ule wa usukani unakawia. Kati ya Bahi na Manyoni nilifanya kila kitu ninachojua. Nilitafuna karanga mpaka taya zikauma. Nilifungua kioo, shangazi akasema baridi. Nilifungua redio, binti akasema kelele. Nilijipiga makofi, kitinda mimba akaamka akauliza kwa nini baba anajipiga. Nilihesabu mitaji, nilihesabu madeni, madeni yakanisaidia kwa muda mrefu zaidi. Niliimba. Kuna wakati mawe ya pembeni ya barabara yalikuwa yananipa shikamoo.

Jua lilitukuta mbele ya Manyoni. Pamoja na jua, askari wa usalama barabarani, kijana nadhifu, kizibao kipya cha kiakisi, mkono juu.

"Habari za asubuhi, dereva."

"Nzuri, afande."

"Mnatoka wapi?"

"Dar."

"Umelala wapi?"

Swali jepesi sana hilo. Lakini kwa saa kumi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nusura nimwangukie begani.

"Sijalala, afande."

Akanitazama macho. Akatazama juu ya keria. Akanitazama tena.

"Una godoro kubwa hivi na hujalala?"

"Si langu, afande."

Hakuuliza pembetatu, hakuuliza mtungi wa kuzimia moto. Akanyoosha kidole kwenye mti. "Egesha pale. Ulale nusu saa. Nakuona kutoka hapa, usidhani sikuoni."

Ndugu msomaji, nimeamriwa mambo mengi na Serikali maishani mwangu, sijawahi kutii kwa furaha kama siku ile. Nikaegesha. Nikalaza kiti. Nikafumba macho, na yangu sikuyafumba tu.

"Tumefika wapi?" mama watoto akauliza, sauti mpya kabisa, kama redio iliyotiwa betri. "Jamani, kumekucha! Hali ya hewa nzuri! Amkeni mwone kwa akina Mgogo."

Wakaamka wote. Wamelala saa nane, wana nguvu za kulima ekari. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa. Kitinda mimba akataka kujua kwa nini baba amelala na sisi tunasafiri. Binti akapiga picha ya familia, na mimi nimo, mdomo wazi. Shangazi akatoa chapati kwenye hotipoti, akaanza kuimba utenzi wa asubuhi, beti zote. Kijana mkubwa akavua vidude vya masikioni, kwa mara ya kwanza tangu Tabata, akaunganisha simu na redio ya gari, akaachia singeli. Ili kuchangamsha, alisema. Mama watoto akaniinamia kwa huruma, akaninong'oneza, "Lala tu, sisi hatukusumbui," kisha akageuka, akapiga simu Misungwi, akapaza sauti kwa kuwa mtandao ulikuwa hafifu: "Mama! Tunakuja! Hatujalala kabisa!"

Nusu saa ilipoisha afande akanipungia. Nikaondoka nikiwa nimechoka kuliko nilivyofika.

Kilichobaki nitakipita haraka, kwa sababu sikukiona vizuri. Singida tulisimama kwa supu ya kuku wa kienyeji, na tukaongeza madumu mawili ya mafuta ya alizeti, kana kwamba Mwanza hakupikwi. Mlima Sekenke tuliushuka mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili na meno, wenzangu wakisema, "Simama tupige picha." Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, yote yalikuwa jua na matuta, na kila tuta, kwa kuwa sasa wako macho, lililalamikiwa. "Baba, taratibu." "Mkwe, mgongo." Saa nane kasoro dakika kumi mchana tukaingia Misungwi.

Mama mkwe alitoka na vigelegele. "Mwadila! Mwadila! Poleni na safari, wanangu!" Na hapo ndipo nilipoona vipaji. Mama watoto aliyekuwa anacheka dakika moja iliyopita akashuka taratibu ameshika kiuno. "Asante mama, ee, tumechoka." Shangazi akashikwa mkono na watu wawili. Binti akasema macho yanamuuma kwa kukesha. "Usiku mzima mama, jicho halijafumba," mama watoto akaeleza, na kwa namna alivyoeleza vile vilima vya Gairo, Mungu anisamehe, nami nilimpa pole. Wakatandikiwa mikeka ndani, kwenye kivuli, mapazia yakashushwa.

Mimi nikawekewa kiti chini ya mwembe. Mkwe mwanamume halali kabla ya kuamkiana na baba mkwe, na baba mkwe anaamkia kwa utaratibu: kazi, afya, mvua za Dar, bei ya saruji, hali ya baba yangu Muheza, na nilimwona lini mara ya mwisho. Ukaja ugali na sato mzima na maziwa mgando, chakula ambacho hata mtu aliyelala siku tatu kinamlaza. Nikala nimejishika paja kwa vidole. Kisha wakaanza kuja wenye vifurushi. Mwenye jiko. Mwenye nazi, akazihesabu moja moja, zikawa ishirini na tisa, akanitazama. Bahasha ya mgonjwa niliipeleka kwa mkono wangu, kilomita nne vumbini. Mgonjwa alikuwa ameenda mnadani.

Niliporudi shemeji yangu alikuwa amekaa tayari, amevaa viatu. "Shemeji, twende nikakuonyeshe daraja kabla jua halijazama." Ni kweli daraja ni la kuonwa, lile la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 hivi za zege juu ya Ziwa Victoria, mahali ambapo zamani watu walikaa saa nzima na zaidi wakingoja kivuko. Nililiona. Ninaambiwa nililiona, nipo kwenye picha.

Godoro lilishushwa magharibi, likaingizwa chumbani kwa baba mkwe. Alilikalia, akainuka, akalilalia, akalipiga piga, akaita kila mtu aje alibonyeze kwa kiganja. Tukapanga mstari. Zamu yangu ilipofika nilibonyeza kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka mama watoto akanivuta shati. Kwangu mimi, mgeni wa heshima, lilitandikwa kochi la sebuleni, lenye runinga, na usiku ule watu wa kijiji walikuja kutazama mpira.

Nilipopata upenyo nilimuuliza mama watoto, "Hivi yule mama alimwambiaje mwekahazina?"

"Mama gani?" akasema.

Naandika haya chini ya mwembe huohuo. Kurudi tutakuwa saba: mama mkwe anakuja Dar kutazamwa macho. Kuna gunia la mchele, kuna debe la michembe, kuna debe jingine la matobolwa, kuna jogoo wawili wazima ambao nimehakikishiwa kwamba gizani wanalala, jambo ambalo halinishangazi. Tunaondoka Jumamosi saa kumi jioni, maana yake saa tatu usiku. Kama yupo msomaji wa huku Mwanza, Misungwi au hata Shinyanga anayekuja Dar siku hiyo, kiti cha mbele kipo. Mama watoto amekubali kuhamia nyuma akae karibu na mama yake. Nauli sitaki. Kifurushi, hata kidogo, sitaki. Aje na stori moja ndefu, na awe ni mtu wa kuimaliza.